Riquelme au Aimar: kijana wa namba kumi aanze kumtazama nani?

Ukiwa na kijana anayecheza nyuma ya mshambuliaji, mwenye jicho la pasi na mguu laini, mapema au baadaye utatafuta mchezaji wa kumwonyesha. Wengi hukimbilia Messi. Mimi sishauri hivyo, kwa sababu sehemu kubwa ya anachokifanya Messi haifundishiki. Nashauri Waargentina wawili waliokwisha kutundika daluga: Juan Román Riquelme na Pablo Aimar. Wote wawili walikuwa namba kumi wa asili, wote walilelewa timu za taifa za vijana na José Pekerman, na wamepishana mwaka mmoja na miezi michache tu wa kuzaliwa. Hata hivyo, kijana atakayemfuata wa kwanza atakuja kuwa mchezaji tofauti kabisa na yule atakayemfuata wa pili. Ndiyo maana inafaa kuchagua kwa makusudi, si kwa kubahatisha video iliyotokea kwenye simu.

Walikotoka

Riquelme alizaliwa Juni 24, 1978, San Fernando, kaskazini mwa jiji la Buenos Aires, akakulia Don Torcuato katika familia ya watoto 11, yeye akiwa wa kwanza. Alilelewa kisoka na Argentinos Juniors, klabu ileile iliyomtoa Maradona, kisha Boca Juniors wakamchukua mwaka 1996. Novemba mwaka huo alicheza mechi yake ya kwanza ya ligi ndani ya La Bombonera, uwanja wa Boca.

Aimar alizaliwa Novemba 3, 1979, Río Cuarto, mji wa mkoa wa Córdoba ulio mbali na mji mkuu. Baba yake, Ricardo, naye alikuwa mchezaji. Kijana akaenda River Plate na kuingia kikosi cha kwanza mwaka huohuo wa 1996. Kwa hiyo walianza pamoja, kila mmoja upande wake wa watani wa jadi ambao siku wakikutana Argentina nzima husimama.

Mwaka 1997 Pekerman aliwaweka katika timu moja kwenye Kombe la Dunia la vijana wa chini ya miaka 20 nchini Malaysia. Argentina ilichukua ubingwa kwa kuifunga Uruguay 2–1 katika fainali. Ndani ya kikosi kile walikuwamo pia Esteban Cambiasso, Walter Samuel na Lionel Scaloni. Lishike jina hilo la mwisho, tutalirudia.

Mpira ukiwa mguuni

Hapa ndipo tofauti inapoanza kuonekana, na hapa ndipo kijana anapaswa kutazama kwa utulivu zaidi.

Riquelme alikuwa mrefu, mita 1.82, na hakuwa na mbio. Hakuzihitaji. Silaha yake ilikuwa mwili na wayo wa mguu wa kulia. Akipokea mpira huku beki yuko mgongoni, anauweka mbali na beki, anatanua mkono kidogo, anashusha kiuno, kisha anaukanyaga. Anasubiri. Beki akiingia, anakutana na mgongo, na ama anacheza faulo ama anaachwa. Katika sekunde hizo mbili tatu wachezaji wenzake wanakuwa wameshasogea mahali pao, ndipo pasi inatoka. Timu nzima ilikuwa inapumua kwa pumzi yake.

Tazama robo fainali ya Copa Libertadores, kombe la klabu za Amerika Kusini, Mei 2000, Boca dhidi ya River. River walikuwa wameshinda 2–1 nyumbani kwao, Boca wakarudisha kwa 3–0. Riquelme yuko pembeni kabisa, karibu na mstari, amelipa lango kisogo. Mario Yepes, beki wa River mwenye nguvu, amembana kwa nyuma. Kwa macho ya kawaida pale hakuna njia: mbele ni mstari, nyuma ni beki. Riquelme anauvuta mpira kwa wayo, anaurudisha nyuma katikati ya miguu ya Yepes, kisha anamzunguka na kuukuta upande wa pili. Tobo safi, tena la mtu ambaye hata hakumtazama anayempiga. Watu wengi huishia kushangilia. Mwambie kijana wako aangalie kilichotangulia: jinsi Riquelme alivyomwacha Yepes amkaribie. Angetoa mpira mapema, tobo lisingekuwepo. Alimvuta kwanza, ndipo akamwadhibu.

Aimar hakuwa na mwili wa kufanya hayo. Alikuwa na takriban mita 1.70, mwembamba. Angejaribu kumkinga beki wa Hispania kwa mgongo angesukumwa hadi kwenye mabango. Yeye aliishi kwa kugeuka. Kabla mpira haujamfikia alikuwa ameshageuza shingo kuangalia nyuma, tena na tena, na mguso wake wa kwanza ulimtoa beki njiani badala ya kuusimamisha mpira. Alipenda pasi fupi za kupokezana: anatoa, anakimbilia nafasi, anarudishiwa. Mpira ulikaa mguuni mwake muda mfupi kuliko kwa Riquelme, lakini ulimpitia mara nyingi.

Septemba 2002, Valencia iliifunga Liverpool 2–0 katika Ligi ya Mabingwa kwenye uwanja wa Mestalla. Bao la kwanza alilifunga Aimar, mwisho wa mlolongo wa pasi za haraka ambazo mabeki wa Liverpool walizifukuza bila kuzigusa. Ukilitazama, usianze na shuti. Rudisha nyuma uone jinsi watu wa Valencia walivyokuwa wakisogea kila wanapotoa pasi.

Kwa maoni yangu, hili la Aimar ndilo linalofundishika zaidi. Kugeuza shingo kabla ya kupokea ni tabia, na tabia hujengwa mazoezini, hata kwenye uwanja wa vumbi wenye mashimo. Utulivu wa Riquelme wa kumngoja beki ni jambo jingine. Unahitaji mguso ambao haukuangushi hata mpira ukiruka vibaya, na unahitaji moyo wa mtu asiyeogopa kunyang'anywa mbele ya watu wote. Kijana asiye na vitu hivyo viwili akimwiga Riquelme atakuwa anapoteza mpira katikati ya uwanja kila dakika, na kocha wake atakuwa na haki ya kumtoa.

Kwenye mipira iliyokufa hakuna ubishi: Riquelme. Kona zake na mipira yake ya adhabu ilikuwa nusu ya mashambulizi ya timu. Mwaka 2006 Villarreal waliitoa Inter Milan katika robo fainali ya Ligi ya Mabingwa kwa kichwa cha Rodolfo Arruabarrena, na mpira ulitoka kwenye adhabu ya Riquelme. Miezi michache baadaye, robo fainali ya Kombe la Dunia dhidi ya Ujerumani, Roberto Ayala alifunga kwa kichwa kutoka kona ya mtu huyohuyo.

Kocha akikutaka, na asipokutaka

Hili ndilo linaloamua maisha ya namba kumi kuliko kipaji chenyewe, na ningependa kila mzazi mwenye mtoto wa aina hii alisome mara mbili.

Riquelme alihitaji timu ijengwe kumzunguka. Alipopata kocha aliyekubali hivyo, alikuwa mfalme. Carlos Bianchi alikubali, na Boca ikacheza mechi 40 za ligi bila kufungwa, ikachukua Libertadores mara mbili mfululizo, 2000 na 2001, na Novemba 2000 ikaifunga Real Madrid 2–1 jijini Tokyo kuwania ubingwa wa klabu za mabara mawili. Martín Palermo alifunga mabao yote mawili ndani ya dakika sita za mwanzo. La pili lilitokana na pasi ndefu ya Riquelme kutoka nusu yao wenyewe, mpira ulioruka juu ya ngome ya Madrid na kumkuta Palermo akiwa tayari mbioni. Baada ya hapo, kwa muda uliobaki, viungo wa Madrid walikuwa wanamkimbiza Riquelme bila kumnyang'anya.

Alipokwenda Barcelona mwaka 2002, mambo yakageuka. Louis van Gaal hakuwa amemwomba, alisema wazi kwamba usajili ule ulikuwa wa kisiasa, na alipomchezesha mara nyingi alimweka pembeni kushoto. Mtu asiye na mbio, pembeni! Msimu mmoja ukatosha. Ronaldinho alipofika mwaka 2003, Riquelme akapelekwa kwa mkopo Villarreal, klabu ya mji wa watu wapatao 50,000. Pale Manuel Pellegrini akampa funguo za timu. Msimu wa 2004–05 walimaliza nafasi ya tatu La Liga, na uliofuata wakafika nusu fainali ya Ligi ya Mabingwa. Walifungwa 1–0 London na Arsenal, wakarudi nyumbani, na dakika za mwisho kabisa wakapata penalti ambayo ingewapeleka dakika za nyongeza. Riquelme akapiga, Jens Lehmann akapangua. Baadaye akagombana na Pellegrini, na mapema 2007 akawa amerudi Boca kwa mkopo.

Kilichofuata kingewanyamazisha waliosema amekwisha. Boca ilichukua Libertadores ya 2007. Katika fainali mbili dhidi ya Grêmio ya Brazil, zilizoisha 3–0 na 2–0, Riquelme alifunga mabao matatu. Mtu yuleyule aliyeonekana mzigo Ulaya miezi michache nyuma.

Aimar alipitia njia nyingine. Valencia ilimnunua Januari 2001 kwa kiasi cha euro milioni 24, fedha nyingi mno wakati ule, na miezi minne baadaye alianza fainali ya Ligi ya Mabingwa dhidi ya Bayern Munich. Wakati wa mapumziko kocha Héctor Cúper akamtoa na kumwingiza David Albelda, kiungo mkabaji. Valencia ikapoteza kwa penalti. Kwa kijana wa miaka 21 hilo lingeweza kumvunja.

Kisha akaja Rafael Benítez, kocha wa kubadilisha kikosi na kudai kila mtu akabe. Nyuma ya Aimar walisimama Albelda na Rubén Baraja, mbele yake straika mmoja, na yeye akatakiwa kukimbia bila mpira kama wengine. Alikubali. Ubingwa wa La Liga ukaja 2002, ukaja tena 2004 pamoja na Kombe la UEFA, na katika fainali hiyo ya UEFA dhidi ya Marseille Aimar alianzia benchi akaingia kipindi cha pili. Hakuwa mfalme. Alikuwa sehemu ya mashine, sehemu yake iliyo nzuri kuliko zote kutazama, na mashine ile ilishinda mbele ya Real Madrid ya Zidane, Figo na Ronaldo.

Ndiyo maana ninaposikia watu wakisema Riquelme alikuwa mkubwa zaidi, nakubali haraka. Lakini ukiniuliza ni yupi aliyefanya kazi chini ya makocha wagumu na bado akaonekana, nitasema Aimar. Na makocha wagumu ndio wengi.

Kwenye timu ya taifa

Hapa takwimu zinawaweka bega kwa bega: Riquelme mechi 51 na mabao 17, Aimar mechi 52 na mabao 8. Aimar alikwenda Kombe la Dunia 2002 ambako Argentina iliishia hatua ya makundi. Mwaka 2006 Pekerman aliwachukua wote, lakini timu ilikuwa ya Riquelme. Serbia na Montenegro walifungwa 6–0, na bao la Cambiasso lililomaliza pasi zaidi ya 20 bado linaonyeshwa kila Kombe la Dunia likikaribia.

Kisha ikaja ile siku ya Berlin, robo fainali dhidi ya Ujerumani. Argentina inaongoza 1–0, dakika ya 72, Pekerman anamtoa Riquelme na kumwingiza Cambiasso. Miroslav Klose anasawazisha dakika ya 80. Mechi inafika penalti, Ujerumani inapita. Wakati penalti zinapigwa, Riquelme alikuwa ameshatolewa, na Aimar alikuwa benchi hakuguswa kabisa. Kocha aliyewalea wote wawili alimaliza mechi kubwa kuliko zote bila hata mmoja wao uwanjani. Nimeirudia mechi ile mara nyingi na bado inanichoma.

Riquelme alipata faraja yake mwaka 2008, Beijing, aliponyakua dhahabu ya Olimpiki akiwa nahodha wa timu yenye Messi, Agüero na Di María.

Mwili na miaka ya mwisho

Kwa ufupi: Riquelme alidumu vizuri zaidi kwa kuwa mchezo wake haukutegemea mbio. Mwaka 2011 alikuwa bado anatwaa ubingwa wa Argentina na Boca, na mwaka 2014 alirudi Argentinos Juniors iliyokuwa daraja la pili, akaisaidia kupanda, ndipo akastaafu Januari 2015.

Aimar aliteswa na majeraha. Alishuka daraja na Zaragoza mwaka 2008, kisha Rui Costa, mkurugenzi wa soka wa Benfica ya Ureno, akamwita huko na kumpa jezi namba 10. Akafufuka. Msimu wa 2009–10, chini ya Jorge Jesus, akiwa na Saviola, Cardozo na Di María, walichukua ubingwa wa Ureno kwa soka la kuvutia sana. Baadaye akacheza Johor Darul Ta'zim nchini Malaysia, nchi alikopatia ubingwa wa dunia wa vijana, akarudi River mwaka 2015 lakini mguu ukakataa. Mwaka huohuo akaacha.

Baada ya kustaafu

Kijana hapaswi kuchagua mchezaji kwa sababu ya maisha ya baada ya soka, ila hapa yanaeleza tabia zao waziwazi.

Aprili 2001, Riquelme alifunga dhidi ya River, akaenda mbele ya jukwaa la viongozi wa Boca, akaweka viganja nyuma ya masikio na kusimama hivyo akimtazama rais wa klabu, Mauricio Macri, ambaye alikuwa na mgogoro naye wa mkataba. Mtu wa kuinamisha kichwa hakuwa huyo. Desemba 2023 Riquelme alichaguliwa kuwa rais wa Boca, na kundi alilolishinda kwenye kura lilikuwa na Macri ndani yake.

Aimar alienda kufundisha watoto. Mwaka 2017 alipewa timu ya taifa ya chini ya miaka 17, akaiongoza kuchukua ubingwa wa Amerika Kusini mwaka 2019. Tangu 2018 amekuwa msaidizi wa Scaloni, yule wa Malaysia 1997, katika timu ya wakubwa. Pamoja wameshinda Copa América 2021, Kombe la Dunia 2022 na Copa América 2024. Messi amesema mara nyingi kwamba utotoni mchezaji aliyempenda alikuwa Aimar. Messi alipoifungia Argentina dhidi ya Mexico kule Qatar, kamera zilimkuta Aimar benchi akibubujikwa machozi, Scaloni pembeni yake.

Sasa chagua

Kama kijana wako ni mrefu, mzito kidogo, ana mguso ambao haumwangushi na hababaiki akizungukwa, mpe Riquelme. Usimlazimishe kuwa winga. Mtafutie timu itakayompa mpira, na umwambie ukweli mapema kwamba atapata makocha wasiomtaka. Mwonyeshe Boca dhidi ya Real Madrid ya 2000, kisha fainali mbili za Grêmio za 2007, mechi nzima, si vipande. Vipande vinaonyesha matobo na vinaficha jinsi alivyokuwa akipunguza kasi ya mchezo, ambayo ndiyo kazi yake halisi.

Kama ni mdogo wa umbo, mwepesi, anapenda kupasiana, na yuko kwenye timu ambayo kocha anataka watu 11 wakabe, mpe Aimar bila kusita. Kwa vijana wengi wa chini ya miaka 16 hata mimi ningeanza na huyu, kisha Riquelme afuate mguso ukishakomaa.

Ukianza na Aimar, weka ile Valencia dhidi ya Liverpool, mpe kijana kalamu na karatasi, na kwa dakika kumi za kwanza asiandike kitu kingine isipokuwa alama moja kila Aimar anapogeuza shingo kabla ya kupokea mpira. Kesho yake mazoezini, mpangie mchezo wa watu watano kwa watano na umwambie mwenzake amhesabie zake.